Uyoga mgumu kwenye shina la mti: dalili, chanzo na la kufanya

Ukiona uyoga mgumu wa kahawia umetokeza kwenye kitako cha mwembe, mkrismasi au mvinje ulio karibu na nyumba, usikimbilie panga. Uyoga ule ni tunda tu. Kuvu yenyewe iko ndani ya mbao, imesambaa kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, na mara nyingi imeshakaa mle miaka kadhaa kabla ya kutoa tunda la kwanza. Ukiung'oa leo na kuutupa jalalani, mti unabaki na ugonjwa wake ule ule, na wewe umepoteza alama iliyokuwa inakuonyesha mahali pa kuchunguza.

Hapa tutaanza na kinachoonekana, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nitazungumzia zaidi kundi la kuvu liitwalo Ganoderma, kwa sababu ndilo linaloangusha miti mikubwa ya kivuli na matunda katika nchi za joto huku wenye miti wakiamini miti yao ni mizima. Swali la kujibu ni hili: je, mbao nzima iliyobaki inatosha kuubeba mti, na ukianguka utamwangukia nani? Kila kipimo nitakachotaja kinalenga hapo.

HAKIKISHA KWANZA NI UYOGA GANI

Piga magoti uutazame kwa karibu. Ganoderma hutokeza shinani kama rafu ndogo ya ukutani, bila kikonyo au kwa kikonyo kifupi. Mgongo wake ni wa kahawia, mgumu, wenye mistari ya mawimbi inayofuatana kuanzia shinani hadi ukingoni. Ukiugonga kwa ukucha unatoa mlio mkavu wa mbao. Kama bado unakua, ukingo wake ni mweupe au wa manjano hafifu. Chini hauna zile kuta nyembamba zilizopangana za uyoga wa kula. Kuna uso laini mweupe wenye vitundu vidogo sana. Chora mstari juu ya uso huo kwa kijiti: mstari unageuka kahawia papo hapo na haufutiki. Zipo aina za kundi hilo hilo ambazo mgongo wake ni mwekundu wa hudhurungi na unang'aa wenyewe kana kwamba umepakwa vanishi.

Dalili nyingine inayopita bila kutambuliwa ni vumbi. Ganoderma iliyokomaa humwaga spora, yaani mbegu zake laini kama vumbi, kwa mabilioni, na spora hizo ni za kahawia. Utalikuta vumbi hilo juu ya mgongo wa uyoga wenyewe, kwenye majani ya chini, kwenye utando wa buibui, hata kwenye ukuta ulio karibu. Watu hudhani ni vumbi la barabarani. Lifute kwa kidole, urudi baada ya siku chache. Likiwa limerudi wakati hakujavuma upepo wa vumbi, uyoga uko hai na unafanya kazi.

Ukikata uyoga mkubwa kwa msumeno utaona ndani tabaka za vijibomba vyembamba vilivyopangana, tabaka juu ya tabaka. Ulaya, ambako baridi husimamisha ukuaji kila mwaka, watu huzitumia tabaka hizo kukadiria umri. Huku kwetu kuna masika na vuli, na mwaka mwingine mvua zinapishana vibaya, kwa hiyo usihesabu tabaka ukadai umepata miaka.

Sasa yale yanayofanana nayo. Uyoga mdogo mweupe wa kijivu, wenye manyoya, umbo la upepeo wa mkono, upana wa sentimita chache tu, uliojipanga kwa wingi kwenye gome lililokauka: huo ni Schizophyllum. Katika maeneo kadhaa ya Kongo huliwa. Ukiuona kwenye mti hai, maana yake sehemu ile ya gome imekufa, mara nyingi kwa kuunguzwa na jua baada ya matawi yaliyokuwa yanaikinga kukatwa. Uyoga mwembamba wa rangi ya chungwa kali au nyekundu ni Pycnoporus, na kwa kawaida unakula mbao iliyokwisha kufa: nguzo za uzio, magogo, matawi makavu. Wenyewe hautishi mti mzima, ila unakuambia tawi hilo limekwisha.

Kuna na uyoga laini unaochipuka ardhini chini ya mti mvua zikianza, wenye mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kichuguu. Huo ni wa mchwa, Termitomyces, na ni kitoweo. Hauna kesi yoyote na mti wako. Lakini ukiona uyoga laini wa rangi ya asali umejazana kwa mafungu kwenye kitako cha shina, hasa nyanda za juu kwenye chai na mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni, fikiria Armillaria. Hiyo nayo huozesha mizizi na inahitaji uchunguzi huu huu wa chini ya udongo.

Jambo la pembeni kidogo, ila linanikera. Kwa kuwa aina za Ganoderma hutumika kama dawa huko Asia, na kahawa yenye jina hilo inauzwa sana mijini, wapo wanaochuma uyoga wowote mgumu wa njiani na kuuchemsha. Usifanye hivyo. Aina hizi zinafanana mno, na mti wa kando ya barabara hujui umenyonya nini. Mgonjwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za kisukari anaweza kujiingiza kwenye hatari bila kujua.

DALILI: UYOGA UKO KWENYE KITAKO, MAJANI NI MABICHI KABISA

Hii ndiyo hali inayodanganya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na mkrismasi uliotoa uyoga wa aina hii upande wa barabara. Nilipompitia kumweleza, alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, mti huu unachanua kila Desemba. Utakuwaje mgonjwa?"

"Mzee wangu, maua yanaletwa na mbao ya nje," nikamwambia. "Kinachooza ni kile kinachoubeba."

Mti hupandisha maji kupitia mbao changa ya nje, ile iliyo karibu na gome. Kiini cha katikati hakipitishi maji tena. Kazi yake ni kubeba uzito. Ganoderma nyingi huingia kupitia kidonda cha chini au mzizi uliokatwa, zikaanza na kiini na sehemu ya chini ya mizizi minene. Hutoa vimeng'enya vinavyovunja lignini, ile inayoipa mbao ugumu, pamoja na selulosi inayoipa uwezo wa kustahimili kuvutwa. Mbao inabaki imepauka, nyepesi, yenye nyuzinyuzi, na ukiifinya inatoa maji. Wakati wote huo mbao ya nje inaendelea kupandisha maji, majani yanang'aa na matunda yanakuja. Mti wa namna hiyo huanguka ukiwa mbichi, usiku wa mvua yenye upepo, na watu wanashangaa kuona majani ya kijani chini.

Kwa hiyo usipime afya ya kitako kwa kutazama juu. Fanya haya.

Ondoa majani makavu na takataka kuzunguka shina. Fukua udongo polepole kwa mikono au kijembe kidogo hadi uone mahali shina linapopanuka na kugawanyika kuwa mizizi mikuu. Kama shina linaingia ardhini wima bila kupanuka, mti ulifukiwa: kuna mtu alijaza kifusi, na gome la kitako limekuwa likikaa kwenye unyevu. Hapo umeshapata sehemu ya chanzo.

Chukua nyundo ya mpira au kipande cha mti mgumu, ugonge shina kuzunguka lote, ukianzia usawa wa kifua ukishuka hadi kwenye mizizi. Sikiliza tofauti kati ya sehemu na sehemu, kwa sababu kila mti una sauti yake. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu na mfupi. Palipo na utupu au mbao laini, sauti inazama na kuwa nzito. Weka alama ya chaki kila inapobadilika. Lakini elewa mipaka ya kipimo hiki: ukuta wa mbao nzima ukiwa bado mnene, sauti haitabadilika hata kama katikati kumeoza. Sauti mbaya ni habari ya kuaminika. Sauti nzuri haithibitishi kitu.

Kisha chukua bisibisi ndefu au kipande cha waya mgumu wa chuma, ujaribu kukisukuma kwenye mianya iliyopo tayari: chini ya uyoga, kati ya mizizi, kwenye kidonda cha zamani. Kikigota mara moja, vizuri. Kikizama bila nguvu, pima kimezama kiasi gani. Sehemu ya chini ya mizizi ndiyo ya kuchunguza zaidi, kwani Ganoderma hupenda kuanzia chini, na mzizi unaweza kuonekana mzima kwa juu huku tumboni umekwisha.

Kwa yule mzee, juu hakukuwa na tatizo lolote. Tulipofukua upande wa barabara tulikuta mizizi minene iliyokatwa sambamba, kwenye mstari ulionyooka, pale ulipopita mtaro wa bomba la maji. Ncha zake zilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi ule mbao ilikuwa nyeupe na laini, inatoka kwa kukwangua kwa kucha. Upande wote wa barabara mti haukuwa na nanga. Aliinama, akashika kipande cha mbao ile, akakivunja kwa vidole viwili bila kusema neno. Kisha akaita fundi.

DALILI: UYOGA UPO, NA MAJANI YANAPUNGUA

Majani yanazidi kuwa madogo kila msimu, yanapauka, matawi ya kileleni yanabaki makavu, matunda yanakuwa mengi ghafla mwaka mmoja na kutoweka unaofuata. Ikiwa haya yanakwenda pamoja na uyoga wa chini, mizizi imepungua kiasi kwamba haitoshi kulisha, na isiyotosha kulisha kwa kawaida haitoshi kushika. Mti huu uko mbele zaidi kwenye safari ya ugonjwa kuliko ule wa kwanza.

Ila usiibebeshe kuvu kila lawama. Mwembe unaokauka kuanzia ncha za matawi kuja chini, huku ukitoa utomvu wa hudhurungi kwenye magome, mara nyingi una ugonjwa mwingine unaoingia kupitia ncha na majeraha ya juu. Kitako chake kinaweza kuwa kizima kabisa. Maji yaliyotuama kwa wiki nyingi huua mizizi kwa kukosa hewa bila kuhitaji uyoga wowote. Maji ya chumvi kwa miti ya karibu na bahari hufanya hivyo pia, na majani huungua kingoni.

Na mchwa? Mchwa huacha udongo. Ukikuta njia za udongo juu ya gome na vyumba vilivyojazwa udongo ndani ya mbao, wamefika. Lakini mara nyingi wamefuata mbao iliyolainishwa na kuvu. Ukimwaga sumu ya mchwa ukafurahi kwamba wamekufa, uozo unaendelea pale pale.

DALILI: UYOGA UKO JUU, KWENYE SHINA AU TAWI

Tazama upande ule ule kama kuna kisiki cha tawi. Karibu kila mara kipo. Tawi lilikatwa likaachwa kipande kirefu, au lilikatwa sambamba na shina hadi likaondoa ule uvimbe ulioko kwenye maungano, au lilivunjwa na upepo likachana gome.

Mmarekani Alex Shigo alipasua miti mingi kwa msumeno ili kuona uozo unavyosafiri ndani, na mnamo 1977 maelezo yake yakachapishwa kwa ukamilifu: mti hauponyi mbao iliyojeruhiwa, unaizungushia kuta. Unaifungia sehemu iliyoharibika, kisha unaota mbao mpya nje yake. Ule uvimbe wa kwenye maungano ya tawi na shina una kinga imara ambayo mti umejiandalia. Ukiukata, umeifungulia kuvu mlango wa shina. Ukikata tawi nje kidogo tu ya uvimbe huo, bila kuacha kisiki, mti unajifunga vizuri.

Ikiwa uyoga uko kwenye tawi lenyewe, mbali na shina, kata tawi hadi kwenye maungano kwa namna hiyo na tatizo linaweza kuishia hapo. Angalia sehemu uliyoikata: mbao ikiwa na rangi moja, umefika kwenye uzima. Ukiona duara jeusi au la kahawia katikati, uozo umeshaingia shinani, na kuendelea kukata kuelekea ndani ya shina hakusaidii. Acha hapo, ufuatilie.

Miti iliyokatwa kichwa ina hadithi yake. Kile kitendo cha kuukata mwembe au mwarobaini usawa wa paa, ubaki magogo yaliyosimama, huzaa vidonda vikubwa visivyofungika na magome yanayounguzwa na jua. Baadaye yanachipuka matawi mengi mapya kwenye kingo za vidonda. Yanapendeza, yanakua haraka, lakini yameshikwa na mbao chache tu za nje, juu ya gogo linalooza. Miaka kadhaa baadaye tawi zito linachomoka lenyewe siku isiyo na upepo. Nikiona uyoga kwenye mti uliowahi kukatwa kichwa, navichunguza vishikio vya matawi hayo kabla ya kitu kingine chochote.

DALILI: KUNA TUNDU, LAKINI UYOGA HAKUNA

Uyoga unaweza kuwa uling'olewa na watoto, ulianguka wenyewe ukiwa umekufa, au haujatoka bado. Tundu lenyewe si hukumu. Bomba tupu lina nguvu nyingi ikiwa ukuta wake ni mnene. Mtafiti wa Ujerumani Claus Mattheck, kwa kulinganisha miti iliyovunjika na iliyosimama, alipata kigezo kinachotumiwa na wakaguzi wa miti hadi leo: shina tupu lenye matawi kamili huingia kwenye hatari pale ukuta mzima unapokuwa chini ya kama theluthi moja ya nusu kipenyo.

Kwa vitendo: zungusha futi ya fundi nguo kwenye shina. Mzingo ukiwa sentimita 190, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo cha karibu sentimita 60. Nusu yake ni 30. Ukuta wa mbao nzima unatakiwa uwe kama sentimita 10 au zaidi kuzunguka kote. Unaweza kuupima kwenye mdomo wa tundu, kwa kukwangua mbao laini hadi ufike kwenye ngumu. Kama tundu liko wazi upande mmoja, kwa mdomo mpana, kigezo hicho hakikutoshi. Shina limeshapoteza umbo la bomba na linahitaji ukuta mnene zaidi. Na hakihusu mizizi hata kidogo. Mti wenye ukuta mzuri wa shina na mizizi iliyooza unang'oka mzima mzima.

DALILI: MTI UMEANZA KUINAMA

Mti uliokua umeinama tangu ujana, kilele chake kikajinyoosha kutafuta jua, si wa kutisha kwa sababu hiyo pekee. Unaotisha ni ule uliokuwa wima mwezi uliopita. Tazama ardhi upande wa pili wa mwinamo: ikiwa imepasuka, imenyanyuka, au inapumua upepo ukivuma, mizizi inaachia.

Hapa hakuna tena uchunguzi. Hamisha watu, gari na mifugo, zuia njia, na usiruhusu mtu kulala chumba kilicho upande wa mwanguko. Usiegemeze magogo, hayawezi kuzuia tani za mti mbichi. Kama kuna nyaya za umeme karibu, shirika la umeme liitwe kabla ya mtu yeyote kugusa tawi.

TAFUTA CHANZO, HATA KAMA MTI HAUPONI

Kuna wanaosema, mti umeshaoza, chanzo cha nini? Cha miti mingine iliyobaki. Uani kwenye mti mmoja wenye uyoga, kwa kawaida kuna mingine inayotendewa vile vile.

Moto ndio ninaoulaumu zaidi. Takataka za uani hufagiliwa na kuchomwa chini ya mti, kwa sababu ndipo penye kivuli na ndipo majani yanapoangukia. Joto linaua gome la upande mmoja bila kulichoma; miezi baadaye gome linabanduka na mbao inabaki wazi, chini kabisa, penye unyevu. Kuvu haihitaji zaidi. Cha pili ni fyekeo na mashine za kukatia nyasi, zinazogonga kitako mahali pale pale kila wiki. Cha tatu ni mitaro: ya maji, ya kebo, ya msingi wa ukuta. Mzizi mnene ukikatwa mita moja kutoka shinani, umeondoa nguzo ya upande huo.

Kuna magome yanayobanduliwa kwa ajili ya dawa, hasa mwarobaini na mwembe. Gome likichukuliwa kipande kidogo upande mmoja mti hujikunja na kufunga. Likizungushwa au likirudiwa pale pale, kidonda hakifungi. Kuna mbuzi wanaotafuna gome, misumari ya matangazo, minyororo na waya za kuanikia nguo zilizozama shinani. Kuna pevingi na zege zinazomwagwa hadi kugusa shina, mizizi ikakosa hewa na kufa kidogo kidogo. Na kuna kisiki cha mti uliokufa zamani, kilichoachwa ardhini: Ganoderma huishi kwenye kisiki miaka mingi na kuvuka hadi kwenye jirani pale mizizi inapogusana.

YASIYOSAIDIA

Chokaa tunayopaka mashina kila sherehe inapokaribia haiui kuvu iliyo ndani. Inafunika tu nyufa na vumbi ambavyo ungepaswa kuviona. Oili chakavu ya gari inaua gome hai la kingo, yaani sehemu pekee iliyokuwa inajaribu kufunga kidonda. Mrututu hauingii kwenye kiini. Rangi za kupaka kwenye kidonda hazizuii uozo, na zikipasuka zinahifadhi unyevu nyuma yake.

Kujaza tundu kwa zege kulikuwa kawaida zamani katika nchi nyingi, na kumeachwa. Mti unayumba, zege haiyumbi, kwa hiyo linasaga mbao nzima iliyobaki, na siku ya kukata mti linavunja msumeno na pengine mkono wa fundi. Kutoboa shimo ili maji yatoke kwenye tundu nako kunatoboa ule ukuta ambao mti ulijijengea. Acha maji yakae.

Kuhusu dawa: hakuna dawa ya kunyunyiza, kumwaga wala kuchoma sindano inayorudisha mbao iliyooza. Trichoderma, kuvu rafiki inayouzwa kwa wakulima, hutumika kupunguza nguvu za kuvu mbaya kwenye udongo na visiki. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba itaponya shina lililosimama anakuuzia matumaini.

KUAMUA

Mti ulio katikati ya shamba, mbali na njia na nyumba, uache. Hondohondo wanataga kwenye matundu yake, nyuki wanaingia, na kuoza kwake ni sehemu ya maisha ya udongo. Miembe mikongwe ya Ujiji na Tabora, inayohusishwa na njia za misafara ya karne ya 19, haistahili kukatwa kwa sababu ya uyoga mmoja. Inastahili uzio, kivuli cha kukaa kihamishwe, na mkaguzi anayeijua kazi.

Mti ulio juu ya nyumba, shule, kibanda cha mama lishe au kituo cha daladala hukumu yake ni nyingine. Uyoga kwenye kitako, pamoja na mzizi mkuu hata mmoja uliooza upande wa upepo, kwangu unatosha kuuondoa. Ikiwa uozo ni wa upande mmoja tu na mizizi mingi ni mizima, unaweza kupunguza mzigo wa upepo kwa kufupisha ncha za matawi marefu, bila kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja na bila kuukata kichwa, kisha uchunguze tena kila kabla ya masika na kabla ya vuli. Piga picha uyoga ukiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa, kila safari mahali pale pale. Ukiongezeka upana, au ukitokea mwingine upande wa pili wa shina, uamuzi umekwisha kufanyika.

Kwa minazi na michikichi kigezo ni kikali zaidi. Shina la mnazi halina gome jipya la kufunga kidonda wala uwezo wa kuota mbao mpya nje ya iliyooza. Ganoderma ikitokeza kwenye kitako chake, uondoe.

Kabla ya kukata, pita serikali ya mtaa na ofisi ya misitu uulize kibali. Miti mingine inalindwa hata ikiwa uani kwako. Mweleze fundi waziwazi kwamba kitako kimeoza. Mkataji huacha kipande cha mbao bila kukikata ili kiongoze mwanguko, na mbao iliyooza haiongozi chochote: mti unageuka unakotaka. Asipande mti huo akajifunga kamba juu yake. Ushushwe vipande kuanzia juu kwa gari la kunyanyulia, au ukatwe juu ya sehemu iliyooza pale penye nafasi ya wazi ya kutosha.

KUPANDA TENA

Usipande kwenye shimo lile lile. Ng'oa kisiki na mizizi minene kadiri unavyoweza, kwa sababu vipande vikubwa ndivyo vinavyoihifadhi kuvu. Mbao yake tumia kwa kuni, usiigeuze kuwa vigingi vya uzio wala vipande vya kutandaza chini ya miti mingine. Sogea mita kadhaa, chimba shimo pana kuliko refu, na upande mche ili pale shina linapopanuka pabaki juu ya udongo. Weka matandazo kuzunguka, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja. Zungushia mawe au uzio mdogo fyekeo lisifike, na jalala la kuchomea takataka lihamishiwe upande mwingine wa uwanja siku hiyo hiyo.